Uduvi wa Tangi la Makoko

Makoko, Musoma
18 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mama hajambo, anakusalimu, mihogo ya nyuma ya nyumba imeshika vizuri.

Nina jambo la kukuuliza, na nakuuliza wewe kwa sababu huku hakuna anayelijua. Nimepata kazi Makoko, kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja anaitwa Bi Samia. Ni mtu wa biashara, mkali kidogo, lakini anatulisha vizuri. Niliingia kufua mashuka. Wiki ya pili akaniita mapokezi. Pale kuna tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, alilitengeneza marehemu mume wake akaweka samaki wa ziwa hilihili.

Akaniuliza, "Wewe si mtoto wa mvuvi?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kuanzia leo hili tangi ni lako. Kioo kimekuwa kijani, wageni wanadhani ni kisima. Niliambiwa ukiweka uduvi wanakula huo ukijani pamoja na mabaki ya chakula. Nimeshaweka mara tatu, kesho yake hakuna hata mmoja."

Hakuniuliza baba yangu yuko wapi. Na mimi sikusema.

Jumatatu niliweka uduvi arobaini. Jumanne nikahesabu kumi na mmoja. Jumatano wawili. Alhamisi nilibaki naangalia maji. Nimegeuza ndoo nimekaa juu yake mbele ya kioo mpaka Alfonce, mlinzi wetu, ananiuliza kama nasali. Mle ndani kuna furu kama ishirini, wengine wana tumbo jekundu, wengine wa bluu, wengine wa kijivu wana midomo mikubwa. Kuna sato wawili wa kiganja. Kuna gogogo mmoja anakaa ndani ya kipande cha bomba. Maji tunayotumia ni ya bomba.

Bi Samia amenipa mpaka Pasaka. Uduvi wakishindikana analivunja tangi anaweka makochi, na mimi hanihitaji tena, kwa sababu kwenye mashuka ameshaweka mwingine. Nitarudi kwetu. Na kwetu, baba, sitaki kurudi. Usiniulize sana kwa nini.

Wanaliwa na nani, na nifanye nini?

Mwanao,
Eufrasia


Bunda
3 Machi 2024

Mwanangu Eufrasia,

Marahaba. Mimi ni mzima. Huku tunaamka tunahesabiwa, tunalima tunahesabiwa, tunakula tunahesabiwa. Askari aliyenipa barua yako alikuwa ameshaisoma, maana zote zinasomwa. Akaniuliza, "Mzee Bernado, huu uduvi ni lugha ya siri?" Nikamwambia ni uduvi tu, wale kamba wadogo mnaonunuaga kulishia kuku. Akacheka. Kwa hiyo andika bila wasiwasi, lakini andika ukijua tupo watatu.

Sikiliza. Samaki yeyote ambaye uduvi anaenea mdomoni mwake, atamla. Hana ubaya, ndivyo alivyo. Kwa hiyo anza na kutoa. Gogogo atoke leo, huyo anapita chini gizani anaokota mmoja mmoja. Sato watoke wote, leo ni wa kiganja, kesho ni wa sahani. Wale furu wa kijivu wenye midomo mikubwa watoke. Wabaki furu wadogo wenye mdomo umeangalia chini, hao wanakwangua mawe. Watachukua watoto wa uduvi mara mojamoja, lakini hawatawamaliza.

Halafu weka maficho. Uduvi bila maficho ni chakula kimeshapakuliwa. Panga mawe, nafasi kati ya jiwe na jiwe iwe ya kuingia kidole chako cha mwisho, si zaidi. Nenda kwenye mawe ya ufukweni uchukue yale majani laini kama nywele, uyasuuze, uyaweke ndani uyaache wiki moja yashike. Ndipo ulete uduvi. Usiwamwage. Ndoo yao iweke pembeni, kila baada ya muda watilie kikombe kimoja cha maji ya tangi, kwa saa nzima, mwili uzoee. Maji ya bomba yana dawa, yaache kwenye ndoo wazi siku mbili. Na ukilisha, walishe furu kona moja mpaka washibe, uduvi utawawekea kona nyingine.

Tulikuwaga tunawatupa hao. Ukivua dagaa wanakuja na uduvi wamejaa, unamwaga. Sikujua siku moja nitakaa Bunda nafundisha kuwafuga.

Sasa la pili. Nasema tena na huyu askari asome: chupa zile hazikuwa zangu. Sijawahi kuvua kwa sumu. Watu wa doria walipokuja hawakutafuta, walinyoosha moja kwa moja kwenye dari la jiko, upande wa kuni. Aliyewaelekeza ni mtu aliyekulaga kwangu. Nimezunguka kwenye hilo miezi mitatu kama ng'ombe wa kamba na nafikaga palepale. Ni Magesa. Mtu niliyepiga naye kasia miaka kumi na minne.

Baba yako,
Bernado Mugeta


Makoko
24 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Pasaka ni Jumapili ijayo na tangi bado lipo!

Gogogo alinichoma kidole, Alfonce akamtoa kwa ndoo akamrudisha ziwani pamoja na wale wa kijivu. Wale sato nilitaka kuwarudisha pia, Bi Samia akasema kumrudisha sato ziwani ni kumkosea Mungu, akawakaanga. Mawe nimepanga. Majani yameshika. Uduvi sitini niliowaingiza juzi kati nimeletewa na mtu mmoja wa Kiriba anayekujaga mjini na dagaa, aliwaleta kwenye ndoo na magugu juu ili jua lisiwachome. Nikawatilia vikombe saa nzima kama ulivyosema. Leo siku ya kumi na mbili. Siwezi kuwahesabu kwa sababu wanajificha, lakini nikitulia naona ishirini, ishirini na tano. Kioo cha mbele kimeshaanza kuonekana.

Lakini sina amani. Kila asubuhi naokota maiti. Zimebaki nyeupe, nyepesi, ndani hakuna kitu, kama mtu amewafyonza. Jana tatu, leo tano. Nani anawafyonza na wabaya wote wametoka? Tena kuna mmoja mkubwa ana vidonda vya kijani chini ya tumbo, vimejaa. Na pampu ya kusafishia maji nimekuta imewavuta wawili, wamekatika. Nalala nikiisikia ile pampu hata nikiwa chumba cha nyuma, naamka kwenda kuangalia, narudi, naenda tena. Bi Samia anasema nitachimba njia kwenye sakafu yake.

Mama ameniambia uliuliza kwa nini sijaja kukuona. Ni kazi, baba. Jumapili wageni ni wengi.

Eufrasia


Bunda
14 Aprili 2024

Mwanangu,

Hao si maiti, ni magamba. Uduvi akikua gamba linambana, analivua, anatoka na mwili laini anajificha siku mbili mpaka jipya ligumu. Usiyaokote, yaache, wanayala wenyewe. Ukiona magamba mengi ujue wanakua, hakuna anayekufa. Na yule mwenye vidonda ni jike mwenye mayai. Usimshike. Pampu ivalishe sponji mdomoni uifunge kwa uzi, maana watoto wakitoka ni wadogo kuliko punje ya ulezi, watavutwa wote.

Umeona jinsi mtu anavyoweza kuliangalia jambo zuri akaliita kifo? Na mimi huku naangalia ukuta naambiwa nitulie. Mguu wangu hautulii. Wenzangu wamelalamika kwamba natembea sana ndani, hatua sita kwenda, sita kurudi. Mwili umezoea maji, ukikaa juu ya kitu kisichoyumba unaona kama umekufa.

Mama yako aliniambia Magesa anapita pale nyumbani, kaziba paa, kaleta kuni. Anatafuta nini? Mtu akishakuuza anarudi kuangalia kama umebakiza kitu. Nimemwambia asimfungulie tena. Na nikitoka Septemba, Mungu akipenda, nitaanza kwa Magesa kabla sijaingia ndani kwangu. Tutaelewana huko ziwani, wawili, na mmoja ndiye atakayerudisha mtumbwi. Askari ameniambia nilifute neno hili. Sijalifuta.

Huyo mtu wa Kiriba anayekuletea uduvi ni nani? Hukumtaja jina.

Kazi haiishi Jumapili zote, Eufrasia. Njoo.

Baba yako,
B. Mugeta


Makoko
11 Mei 2024

Baba,

Mama anakuja huko kesho, nimemuomba asubiri jibu.

Wanakufa. Safari hii si magamba, ni wenyewe. Mpaka jana kulikuwa na watoto, baba, wadogo kama ulivyosema, wamejaa kwenye majani! Leo asubuhi naingia mapokezi nakuta uduvi wote wametoka mafichoni, wanaogelea kama wamechanganyikiwa, wanaruka juu mpaka wengine wameanguka sakafuni. Wengine wamelala ubavu, miguu inatetemeka. Furu wanaonekana wazima ila wamepanda juu wanahema. Sijabadilisha maji. Sijabadilisha chakula. Pampu ina sponji. Bi Samia amesimama nyuma yangu anasema, "Nilijua." Sijui alijua nini.

Niambie haraka.

Eufrasia


Bunda
12 Mei 2024

Eufrasia,

Mama yako yupo getini, naandika haraka. Hiyo ni sumu. Dawa ya wadudu. Uliza nani alipuliza dawa humo ndani juzi, ya mbu au ya mende. Hewa ile inatua juu ya maji na pampu inaivuta inaichanganya. Uduvi ni ndugu wa wadudu, kinachoua mende kinamuua yeye kwanza.

Fanya hivi. Chukua beseni safi, maji ya ziwa ya mbali na watu wanapofulia, uhamishe uduvi yeyote ambaye bado anatembeza miguu. Anayetembeza miguu anaweza kurudi. Aliyekwishapinda mgongo mwache. Tangi toa maji nusu leo, nusu kesho, nusu kesho kutwa. Funga mkaa uliooshwa kwenye kitambaa uweke mbele ya pampu. Majani yatoe uyasuuze sana, sumu inakaa kwenye majani kuliko kwenye maji.

Usikate tamaa kwa sababu furu bado wazima. Inaendaga kwa mpangilio. Uduvi wanatangulia, ukiona wanarukaruka hadi ukingoni unajua dawa imeshafika, unasubiri. Baada yao dagaa wanageuka fedha juu ya maji. Halafu furu wanapanda kuhema kama hao wako. Sato ndiye wa mwisho, huyo anachukua muda, anazunguka kama mlevi, unaweza kumshika kwa mkono. Furu wako wapo kwenye hatua ya kuhema tu, wakipata maji mapya leo hawatafika mbele.

Kimbia. Usiandike, fanya.

Baba


Makoko
9 Juni 2024

Baba,

Shikamoo.

Nimefanya yote. Alikuwa Alfonce, alipuliza dawa ya mende mapokezi Ijumaa jioni, aliagizwa na Bi Samia mwenyewe. Furu wamepona wote isipokuwa mmoja. Uduvi walibaki kumi na mmoja kwenye beseni. Bi Samia hajanifukuza. Siku ya pili akabandika karatasi ukutani: HUMU HAPAPULIZWI DAWA. Amekuwa akiniletea chai mwenyewe.

Barua yako niliisoma nikiwa na ndoo mkononi, nikafanya kama ulivyosema. Jioni nikaisoma tena nimekaa. Umeandika, "unajua dawa imeshafika, unasubiri." Nani anasubiri, baba? Kwenye barua ya Machi ulisema hujawahi.

Sikuulizi ili ujibu. Mimi najua. Nimejua tangu Novemba mwaka jana, na askari asome tu.

Siku ile ulirudi asubuhi na sato wengi kuliko kawaida, ukaweka ndoo jikoni, ukasema, "Hao msile, ni wa kuuza." Hukuwahi kutuambia msile. Mimi nikadhani ni uchoyo wa shida, maana mama alikuwa anahangaikia ada ya mtihani. Ulipokwenda kulala nikachukua wawili, nikampelekea yule mtoto, Nyangeta wa Yakobo, kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa na pale kwao hapakuwa na anayepika. Nilimkaangia mwenyewe, baba. Nikamtolea miba. Alikula huku ananisimulia mambo ya shule.

Jioni alianza kutapika. Kisha akakakamaa, macho yakapanda, povu likamtoka. Yakobo alimbeba kwa bodaboda mpaka Musoma, mimi nimekaa nyuma nimemshikilia kichwa. Alikaa siku tisa. Waliandika degedege la malaria. Hakuna aliyeuliza alikula nini, na mimi sikusema. Amepona, ila anasoma kwa shida, mwalimu wake anasema anasahau.

Niliporudi nikapanda kwenye dari. Nikaziona chupa. Nikakaa nazo wiki tatu kichwani. Wiki ya nne ulisema tena, "Hao msile." Asubuhi ile nilikwenda kwa watu wa doria nikawaambia: dari la jiko, upande wa kuni.

Ni mimi. Magesa hakukuuza kwa mtu yeyote. Yeye ndiye huyo mtu wa Kiriba anayeniletea uduvi, sikutaja jina kwa sababu niliogopa. Hajui kitu. Kiriba wote wanadhani ni yeye, pale mwaloni samaki wanaposhushwa hawamsalimii, mitumbwi ya dagaa imemkataa, anavua peke yake kwa ndoano. Alipoziba paa la mama alikuwa amekosa pa kwenda. Ananibebea ndoo mpaka mlangoni, ananiuliza, "Baba yako anaendeleaje?", na mimi namwambia anaendelea vizuri.

Ndiyo maana sirudi kwetu, na ndiyo maana sikuja Bunda. Ningekaa mbele yako ungeona.

Eufrasia


Makoko
28 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki ya saba hii. Mama anasema unamuuliza mahindi, unamuuliza mbuzi, mimi huniulizi.

Siandiki ili unijibu. Naandika kwa sababu nikikaa bila kuandika mikono yangu inatafuta kazi, jana nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimewarudisha uduvi tangini kwanza kwa watatu, kuwajaribu. Walikaa. Nikaongeza wengine. Magesa alitaka kuniletea ndoo nyingine nikamkatalia, nikasema nina wa kutosha. Ukweli ni kwamba siwezi tena kumtazama anavyoinama kuitua.

Sijajuta kwamba nilisema. Nimejuta kwamba nilisema kwa kificho, mwingine akabeba.

Eufrasia


Bunda
1 Septemba 2024

Eufrasia,

Nimeandika barua nne. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo baba hamwandikii mtoto. Askari aliisoma akanirudishia, akasema, "Mzee, hii situmi. Kaa nayo kwanza." Nikakaa nayo, nikaichana. Ya pili na ya tatu nilizichana mwenyewe bila kumwonyesha.

Kortini walisoma idadi ya chupa na sheria namba ngapi. Hakuna aliyesoma jina la mtoto. Nyangeta ninamfahamu, alikuwaga anakuja mwaloni kuomba dagaa wa kuchezea. Nilisikia aliugua, nikampa Yakobo pole njiani. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Hilo ndilo linalonitembeza sasa, hatua sita na sita.

Wewe unaandika kama aliyekaanga samaki ndiye mwenye kosa. Wewe hukujua. Mimi niliposema msile, nilijua. Mtu hawezi kusema msile kama hajui. Wengine wote niliwapeleka mnadani Butiama nikawapanga kwenye jani, nikawaita watu kwa sauti. Walionunua walikuwa na watoto. Hao majina yao sitayajua mpaka nakufa.

Nilianza kwa mara moja. Nyavu zilikuwa zimeibiwa. Nilisema chupa moja tu. Baadaye ni saba.

Kuhusu wewe sijui niseme nini. Kuna asubuhi naamka sina neno na wewe, nasema mtoto alifanya nilichoshindwa. Ikifika saa nne nina jembe mkononi inarudi yote, naona mkono wako unaonyesha dari la jiko ambalo nililijenga mimi. Siwezi kukudanganya kwamba imekwisha. Nimechoka kudanganya.

Natoka tarehe 14. Usije getini. Mama yako naye nimemwambia asije. Nataka nitembee peke yangu mpaka stendi nione kama mguu utatulia.

B. Mugeta


Kiriba
22 Septemba 2024

Mwanangu,

Simu ninayo na namba yako ninayo. Nimeishika mara nyingi. Kwenye simu tungeulizana mvua, kwa hiyo naandika.

Niliposhuka sikwenda kwa Magesa kama nilivyoapa, na sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Yakobo. Nilimkuta anasuka kamba uani, akainuka kunipa kiti. Nikamwambia, "Usinipe kiti kwanza." Nikamweleza nimesimama. Samaki aliokula Nyangeta walitoka kwenye ndoo yangu, niliwaua kwa dawa ya pamba, nilijua. Sikusema nani aliwaleta nyumbani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kile kiti bado alikuwa amekishika. Kisha akasema, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. "Basi ondoka kwangu." Nyangeta alikuwa mlangoni na daftari. Alinisalimia, shikamoo babu, baba yake akamwambia aingie ndani.

Nimeondoka. Nitarudi tena, na akinifukuza nitarudi tena.

Kwa Magesa nilikwenda kesho yake. Amekonda. Alisema jambo moja tu: "Miaka kumi na minne, Bernado, na hukuja kuniuliza." Nikamwambia sikuja kwa sababu nilimhitaji awe yeye. Kama si yeye ningelazimika kuangalia ndani ya nyumba yangu. Aliniuliza, "Sasa ni nani?" Nikaangalia maji. Nadhani ameelewa, maana aliuliza tena, "Uduvi wa binti wanaendeleaje?" akageuka kuziba mtumbwi wake.

Sasa sikiliza. Jumamosi hii tarehe 28 kuna mkutano wa mwalo, saa nne asubuhi. Nimeomba nafasi. Nitasema yangu mbele ya watu wote, chupa saba na Butiama. Lakini nikisema yangu peke yake Magesa hasafiki. Watasema, sawa, wewe ni mkosaji, na yeye bado ni mwuza watu. Jina lake haliwezi kutoka pale lilipo bila jina lako kuingia. Na jina lako mimi silitaji. Nililitaja vibaya miezi miwili moyoni, sina haki ya kulitaja tena bila wewe.

Kuna watakaokutukana. Kuna watakaosema mtoto amemfunga baba. Najua unavyopaogopa hapa, na sasa najua kwa nini.

Nitakuwa barabarani, pale magari yanaposhusha, kuanzia saa tatu. Ukishuka tutaingia pamoja. Usiposhuka nitaingia peke yangu, nitasema yangu, na sitakulaumu.

Baba yako,
Bernado


Mapokezi
Ijumaa, 27 Septemba 2024

Bi Samia,

Shikamoo. Ulikuwa umelala mchana, sikutaka kukuamsha, Alfonce atakupa hii. Naomba ruhusa kesho Jumamosi. Natoka alfajiri. Ukiona sijarudi Jumapili asubuhi usitafute mtu mwingine, nitarudi, hata kama nitakuja nimelia.

Tangi nakuachia hivi. Furu walishe saa mbili, kona ya kushoto, punje kidogo tu zinazoisha kabla hujamaliza kusema Fatiha. Uduvi wekea kipande cha boga lililochemshwa kona ya kulia, ukubwa wa kucha. Usiongeze, wataonekana wana njaa lakini hawana. Maji yakipungua ongeza yale ya ndoo ya bluu, yamekaa siku mbili, si ya bomba. Ukikuta magamba meupe usishtuke, ni wazima. Mwambie Alfonce asipulize kitu chochote hata chumba cha jirani. Ukiinama, chini ya jiwe la tatu utawaona watoto, ni wengi, sijaweza kuwahesabu.

Uliniuliza siku ile nalia kitu gani mbele ya kioo, nikakwambia ni moshi. Nikirudi nitakueleza, na utaamua kama bado unanitaka hapa.

Mgeni akiniulizia, au mtu yeyote wa Kiriba akipiga simu, usiseme nipo sokoni. Mwambie nimekwenda mwaloni kwetu, nipo na baba.

Eufrasia Mugeta